Tupeane uzoefu: kuziba pancha ya honda na vespa mwenyewe nyumbani

Assalaam alaykum ndugu zangu. Niko Micheweni, Pemba, na njia zetu za ndani ni mawe matupu. Pancha ikikukuta usiku, fundi keshafunga. Ndiyo maana naziba mwenyewe, na natamani kila mwenye honda ajue kazi hii. Naanza miye, nanyi leteni yenu.

Kuziba ni kazi ndogo. Kubwa ni kukitafuta kilichotoboa. Tyubu nikishaitoa naijaza upepo, naizamisha kwenye beseni, mapovu yanapotoka natia alama. Kisha nailaza juu ya tairi kama ilivyokuwa imekaa, nijue pa kutazama. Ndani ya tairi napitisha kitambaa taratibu. Mwiba ukiwamo utakinasa. Wanaoziba asubuhi na jioni upepo umetoka tena pale pale, mara nyingi mwiba waliuacha ndani.

Kiraka kinataka msasa, solusheni (gundi ya kuzibia) nyembamba, halafu subira. Usibandike solusheni ikiwa mbichi. Ngoja ikauke, isikunate kidoleni, ndipo ukandamize kwa nguvu.

*Mkaazi wa Wete:*
Sheikh, umesema kweli. Niongeze habari ya kurejesha tyubu na tairi kwenye rimu. Baba yangu alikuwa akibeba karafuu kwa honda, na bisibisi hakuiruhusu kabisa karibu na tyubu. Alikuwa na vyuma bapa viwili, ncha zake kazilainisha kwa tupa. Tyubu aliitia upepo kidogo kwanza ishike umbo, isijikunje wala isibanwe. Ukingo wa tairi aliupaka maji ya sabuni. Na unapomalizia kwa chuma upande huu, upande wa pili ukanyage tairi lizame kwenye bonde la katikati ya rimu. Bila hivyo utatoka jasho bure.

*Mama wa Fuoni:*
Mimi ni wa vespa. Rimu yake ni vipande viwili vilivyoungwa kwa nati, kwa hivyo hakuna kuvutana na vyuma. Lakini jamani, toa upepo WOTE kwanza, ndipo uguse nati zinazounga rimu! Kijana wa jirani alizifungua upepo ungalimo, kipande kikaruka kikampiga mkononi, akashonwa. Mwanangu simpi spana mpaka nilibonyeze tairi kwa mkono wangu.

*Mvuvi wa Jambiani:*
Huku pwani chumvi inakula spoku. Pancha zangu zilikuwa zikitokea upande wa rimu: utepe wa mpira unaofunika ncha za spoku umekatika, ncha moja imechomoza. Nilisaga ile ncha, nikakata utepe mpya kwenye tyubu kuukuu. Imetulia. Ila gurudumu la nyuma mnapolirejesha, mnalinyoosha vipi likae sawa?

*Wa Micheweni:*
Uma wa nyuma una alama pande zote mbili, pale ekseli inapokaa. Zilingane kushoto na kulia. Mnyororo uache uchezecheze kama sentimita 2 hadi 3. Mshale wa ubavuni mwa tairi uangalie upande gurudumu linakozungukia. Ukishafunga fimbo ya breki, kanyaga breki mara kadhaa kabla hujatoka uani.