Tupeane uzoefu: makanisa ya kale ya Uingereza na Wales uliyowahi kuyaingia

Wakuu, mlioko huku na mliopita kutembea, tusimuliane. Siongelei ibada, naongelea yale majengo ya kale yenyewe. Naanza mimi.

Nilikuwa na kibarua Bishop Auckland, kaskazini mwa Uingereza, siku ya mapumziko nikapanda basi hadi Escomb. Kanisa lao ni la miaka ya 670 hivi. Nafika, mlango umefungwa. Kumbe ufunguo unaning'inia nje ya nyumba ya jirani, mgeni anajichukulia mwenyewe! Mimi mtoto wa Manzese, kitu kikining'inia nje hivyo najua ni mtego. Nilizunguka pale nikijifanya napiga picha, mwisho nikauchukua.

Ndani ni jengo refu jembamba, dari iko juu sana, madirisha madogo, baridi inaingia mpaka kwenye meno. Mawe waliyatoa kwenye ngome ya Warumi ya Binchester. Upande wa kaskazini tafuteni jiwe lenye maandishi LEG VI, yaani kikosi cha sita cha Warumi. Fundi kalijengea juu chini. Ama hakujua kusoma, ama hakujali, jiwe ni jiwe.

*

Mimi yangu ni aibu. St Cwyfan, kule Anglesey, Wales, kanisa liko juu ya kisiwa kidogo, maji yakitoka unavuka kwa miguu. Zamani bahari ilimega ardhi hadi makaburi yakaanza kuporomokea majini, ndipo karne ya 19 wakazungushia ukuta. Sasa mimi mzaliwa wa Pemba, nikamwambia mama watoto, "Tulia, kupwa na kujaa nafundishwa na nani?" Tukakaa tunakula mikate yetu. Tumerudi viatu mkononi, maji magotini, na ya kule si maji ya Pemba, yanauma. Hadi leo nikitoa ushauri wowote nyumbani naulizwa, "Kama ule wa Anglesey?"

*

Ngazi za St Govan's, Pembrokeshire, Wales pia, kanisa limebanwa kwenye jabali juu ya bahari. Inasemekana hesabu ya kushuka hailingani na ya kupanda. Kweli, zangu hazikulingana. Ila kupanda nilikuwa nahema, msinitegemee.

*

Mie wa Bagamoyo. Nililipa kiingilio Westminster Abbey, London, na si kidogo, kwa ajili ya kaburi moja tu, la Livingstone, yule mmisionari mvumbuzi. Liko chini sakafuni, watu wanapita. Jiwe linasema aliletwa na mikono miaminifu, kwa nchi kavu na bahari. Mikono ya nani? Chuma na Susi, watumishi wake Waafrika, hawakutajwa. Waliubeba mwili miezi kadhaa hadi kwetu Bagamoyo, na mazishi ya Aprili 1874 hawakuyawahi. Jacob Wainwright, mwenzao wa msafara, ndiye aliyekuwepo. Basi nikainama kama nafunga kamba za kiatu, nikayataja majina yao polepole. Mzungu mmoja akaniuliza kama niko salama.

*

Mleta uzi, ule ufunguo wa Escomb uliurudisha?

*

Niliurudisha mkuu, ila nilishafika kituoni ndipo nikausikia mfukoni. Nikarudi mbio, basi likaniacha.