Riwaya ya mapenzi ya gothiki, enzi za Malkia Victoria: nichukue ipi?

Mtoro wa Usingizi
Habari za jioni wadau. Nina hela ya kitabu kimoja tu, na Jumamosi nataka niwe nacho mkononi. Natafuta riwaya ya Uingereza ya enzi za Malkia Victoria: jumba la giza, mapenzi, mambo ya ajabuajabu, na binti mkimya mwenye haya, ukimtazama unajiuliza kama ni wa dunia hii. Nimebakiwa na Jane Eyre, The Woman in White na Carmilla. Ipi?

Binti Machano
Ya kwako au zawadi? Msomaji ana umri gani? Kiingereza chake kikoje? Hela kiasi gani? Mkuu umeingia duka la dawa ukasema "nipe dawa".

Kobe wa Changuu
Jane Eyre, uzi ufungwe. Ilitoka 1847, Charlotte Brontë kajificha nyuma ya jina Currer Bell. Jane ana umbo dogo na maneno machache. Anakutana na Rochester, mwenye jumba analofanyia kazi, jioni, njia ina barafu, farasi anateleza, bwana mkubwa chini. Baadaye anamwambia Jane kwamba alidhani yeye ndiye kamroga farasi wake. Unataka nini tena?

Mpishi wa Wino
Kobe, hiyo siyo fantasia. Uajabu wa Jane uko mdomoni mwa Rochester tu. Mwenyewe anamjibu kuwa wale watu wa kijani wa kwenye ngano walishaihama Uingereza miaka mia nyuma. Binti ana akili timamu kuliko wote mle ndani. Anayetaka fantasia achukue Phantastes ya George MacDonald, 1858. Kijana anaamka, zulia la chumbani limegeuka majani, anatokea kwenye nchi ya maajabu. Huko anamkuta mwanamke kafungwa ndani ya jiwe jeupe, anamwimbia mpaka anatoka. Akishatoka, anatimua mbio! Mwenye haya kuliko huyo mnitajie.

Kobe wa Changuu
Na moyo wake anampa mwanaume mwingine. Hayo ni mapenzi au adhabu?

Mama Nasra
Mie naomba kusema la ununuzi. Mwaka juzi niliagiza Jane Eyre mtandaoni kwa muuzaji mmoja, bei ya kutupa, jalada linang'aa, picha ya jumba na mwezi. Nikasubiri wiki tano. Nakipokea, chepesi kama daftari la hesabu. Nikasema labda karatasi za kisasa. Usiku natengeneza chai, natoa watoto sebuleni, naanza kusoma. Kabla chai haijapoa Jane keshamaliza shule, keshapata kazi, keshaposwa! Nafungua nyuma nakuta maswali: "Taja sifa tatu za Jane." Kumbe ni toleo lililofupishwa la wanafunzi, na kwenye tangazo hawakuandika hata neno. Kumrudishia kingenigharimu kuliko bei yake. Hesabuni sura kabla ya kulipa: Jane Eyre kamili ina sura 38. Kama huna pa kulinganishia, tovuti ya vitabu ya Project Gutenberg wanacho bure.

Sultani wa Vumbi
Pole mama. Lakini hata kwenye hicho kifupi si ulimkuta yule mke kichaa wa Rochester aliyefungiwa orofa ya juu?

Mtoro wa Usingizi
Sultani!!! Mimi sijakisoma!

Sultani wa Vumbi
Kina miaka zaidi ya 170, mkuu. Ulikuwa unangoja nini?

Mtoro wa Usingizi
Haya. Dada Machano, ni zawadi ya mdogo wangu wa kike, yuko kidato cha nne, Kiingereza chake kizuri. Bajeti elfu thelathini. Ila usiku halali taa ikizimwa.

Binti Machano
La taa ndilo ungeanza nalo! Carmilla itoe. Mimi naipenda, fupi, ya 1872, imemtangulia Dracula kwa miaka 25. Lakini yule mgeni mlegevu anayeamka mchana na hasemi kwao wapi ni mnyonya damu, na anayempenda ndiye anayemmaliza. The Woman in White ni salama zaidi. Inaanza na mwanamke mwenye nguo nyeupe tupu anayemgusa mtu bega usiku wa manane, njia ya kwenda London. Ukiendelea, hakuna jini, ni watu na tamaa ya mali. Ilitoka kwanza gazetini kila wiki, ndiyo maana inakuning'iniza hivyo.

Mpishi wa Wino
Kwa hiyo fantasia tumeiacha. Sawa. Kobe, hebu niambie: Rochester anavyomwita Jane "elf", yule kiumbe mdogo wa ajabu wa kwenye ngano zao, Kiswahili ungesemaje? Mimi naandika kibwengo.

Kobe wa Changuu
Astaghfirullah. Kibwengo ni wa baharini na ana shari. Bibi yangu hakutaka tumtaje magharibi ikishaingia. Mwanaume amtongoze mwanamke kwa kumwita kibwengo?

Mama Nasra
Marehemu mume wangu aliniita zaidi ya hapo, na nikaolewa.

Mpishi wa Wino
Basi jini?

Kobe wa Changuu
Jini ni mkubwa mno kwa Jane. Yule ni kitu cha kukaa kiganjani.

Mtoro wa Usingizi
Jamani, Jumamosi ni kesho.

Sultani wa Vumbi
Mimi ningeweka "kisura wa mzimuni".

Kobe wa Changuu
Wewe nyamaza, bado hatujakusamehe lile la orofani.