UZI: Eti "mkanda ndio mzee, gari kijana"! Watu wa Malindi, mnamjua

Mwana wa Shela (Malindi)

Nimeingia nyumbani sasa hivi, viatu sijavua, mikono inatetemeka. Naandika kabla hasira haijapoa kwa sababu ikipoa nitamsamehe, na huyu mtu sitaki kumsamehe.

Jina sitaji. Ya nini? Mnamjua. Yule wa kofia ya vito na simu mbili, anayekaa kila jioni kwenye baraza ya kahawa, mguu juu ya mguu, gari za watu zimepangwa mbele yake utadhani bandari ya Kilindini ni ya babake. Yule ambaye akikuita "sheikh wangu" ujue mfuko umeshatoboka. Huyo huyo.

Aliniuzia Mercedes E250, ile ya E-Class, wiki 3 zilizopita. "Ya 2013, sheikh wangu, uso mpya, taa moja moja, si zile za taa mbili mbili." Na mimi sikwenda kipofu. Nilikuwa nimesoma! E-Class hii ilitoka 2009 na taa zimegawanyika, mbili kila upande. 2013 wakaibadilisha uso, taa zikaungana. Miezi minne nililinganisha mwaka kwa mwaka, 2010 na 2011, 2011 na 2013, usiku wa manane simu iko usoni, mpaka mke wangu akaanza kuniita Bwana Elfu Mbili na Kumi na Tatu. Nilitaka ya 2013 na nikalipa bei ya 2013. Milioni 2 na laki 3. Pesa za shamba la minazi la marehemu baba kule Mambrui, sikuziokota ufuoni.

Leo nimempelekea fundi aangalie kiyoyozi. Fundi akaketi, akavuta mkanda wa usalama wa dereva mpaka ukafika mwisho, kule chini kabisa penye lebo ya tarehe. Akasoma. Akanyamaza. Akaenda upande wa pili akavuta mwingine. Akanyamaza zaidi. Halafu akaniambia, "Bosi, mikanda yote ni ya 2010."

Moja kwa moja mpaka barazani. Kumejaa! Wazee wametoka alasiri, vijana wa tuktuk, na yule mzee wa Kitaliano anayejua Kiswahili kuliko sisi. Nikafungua mlango, nikavuta mkanda mbele ya kadamnasi, nikamwambia soma. Akavaa miwani. Akasoma taratibu kama khatibu juu ya mimbari. Akaniangalia. Akasema, sauti ikafika nguzo ya Vasco da Gama:

"Sheikh wangu, mkanda ndio mzee. Gari kijana."

Baraza nzima ikaanguka kicheko. Mtaliano alicheka mpaka akamwaga kahawa. Na yeye, bila haya, akanisukumia kashata.

KASHATA!

Milioni 2 na laki 3 nimetoa, nimeuziwa ajuza aliyepakwa wanja, halafu natulizwa na kashata kama mtoto aliyeanguka chuoni. Mkanda ndio mzee! Kwani mkanda ulizaliwa kabla ya mamake? Ulikaa miaka mitatu Ujerumani unasubiri gari yake izaliwe?

Fundi wa Majengo

Pole kaka, ila umeponzwa na taa. Taa, bampa, boneti na fenda za mbele zote ni za spana. Mtu anatoa uso wa zamani anafunga mpya, kazi ya siku chache. Ulitazama nyuma? Zile za 2009 mpaka zilipobadilishwa zina bega lililovimba juu ya gurudumu la nyuma, mstari umejikunja kama nyonga. Za 2013 bega limelainishwa. Na hilo halifunguki, limechomelewa na bodi.

Nyingine: saa ya mishale iko wapi? Uso mpya saa iko katikati ya dashibodi, baina ya matundu ya hewa. Za zamani iko nyuma ya usukani pamoja na mita.

Mwana wa Shela (Malindi)

Iko nyuma ya usukani.

Fundi wa Majengo

Basi ndugu yangu una 2010 iliyovaa barakoa. Na hesabu gia pia. Hizo E250 za mwanzo zilikuja na gia 5, za baadaye ndizo zenye 7.

Mwana wa Shela (Malindi)

Sitaki kuhesabu gia! Nataka mtu aniambie ni binadamu wa aina gani anasema MKANDA NDIO MZEE mbele ya watu wazima.

Bi Kirembo wa Barani

Logibuku ilisemaje, mwanangu? Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa pale wazi.

Mwana wa Shela (Malindi)

Bi, niliambiwa logibuku iko Mombasa kwa wakili. Nilionyeshwa picha kwenye simu. Kila nikitaka kuona mwaka, dole gumba lake liko pale pale. Nikisogeza picha, na dole linasogea. Lile dole linapaswa kushtakiwa peke yake.

Bi Kirembo wa Barani

Shilingi mia tano na kitu tu kwenye eCitizen, tovuti ya serikali, unaingiza namba ya gari, rekodi inakuja. Milioni 2 ulikuwa nazo, mia tano ukakosa?

Kaskazi

Na msidanganywe na namba. Shemeji yangu alikuwa anajitapa gari yake mpya kwa sababu namba yake inaanza na KC. KC inasema imeandikishwa Kenya lini, haisemi imetengenezwa lini. Sheria yetu inakataza kuingiza gari iliyopita miaka 8, kwa hiyo ya 2010 ingeweza kushuka Mombasa 2016 ikapewa KC sawasawa na ya 2013. Zikisimama pamoja, namba ni ndugu, umri ni mjomba na mpwa.

Mtetezi wa Haki

Tumwonee huruma muuzaji kidogo. Lebo ya mkanda inaonyesha siku mkanda wenyewe ulipotengenezwa, na gari huunganishwa baadaye. Kwa hiyo kitaalamu mkanda ni mkubwa kuliko gari. Hajasema uongo.

Fundi wa Majengo

Mkubwa kwa wiki, au miezi. Ukikuta mkanda wa mwisho wa 2012 kwenye gari ya 2013, sawa. Miaka mitatu? Mikanda ya pande zote? Tazama na pembe za vioo, tazama plastiki za chini ya boneti, kote kumepigwa muhuri wa tarehe. Zikikubaliana zote kwa 2010, kesi imekwisha.

Mwana wa Shela (Malindi)

Mtetezi wa Haki, nimeangalia akaunti yako. Umejiunga leo. Una simu mbili wewe?

Tuktuk Namba Moja

Jamani mimi NILIKUWEPO. Nilikuwa nimeegesha pale pale. Yote aliyosema ni kweli, mkanda ulivutwa, maneno yalisemwa, Mtaliano alimwaga kahawa. Ila mleta uzi ameficha jambo moja. Ile kashata aliila.

Mwana wa Shela (Malindi)

MUONGO!

Tuktuk Namba Moja

Wallahi uliila. Ukatafuna huku unagomba. Makombo yalimrukia mzee Mtaliano.

Mwana wa Shela (Malindi)

Nilikuwa nimeshaitia mdomoni kabla maneno hayajaniingia akilini! Mtu akipewa kitu barazani anapokea, ndivyo tulivyolelewa. Ningejua yale maneno yanakuja ningeitupa baharini, yeye na kashata yake na ile kofia. Mnaona mtego wake? Anakupa kashata ili usiweze kujibu! Mdomo umejaa, jibu linatoka wapi? Nimekumbuka majibu kumi nikiwa njiani, yote mazuri, na baraza imeshatawanyika.

Msafiri wa Mtwapa

Wewe angalau gari yako ni rangi moja. Mimi nilipeleka yangu nyeupe ipigwe rangi mlango mmoja uliokwaruzwa, kwa yule wa karibu na stendi, mnamjua. Ikarudi na nyeupe mbili. Upande mmoja maziwa, upande wa pili meno ya mvuta sigara. Nikalalamika, akaniambia nisiiegeshe juani. MALINDI! Nisiegeshe juani Malindi! Nikaiegeshe wapi, kisimani?

Kaskazi

Huyo wa stendi ameipaka ya kwangu na nzi ndani. Nzi mzima, mbawa zimekunjuka, amekaa juu ya boneti kama nembo.

Mwana wa Shela (Malindi)

Uzi huu si wa rangi. Uzi ni wa mkanda.

Wa Langoni (Lamu)

Nyinyi wa Malindi mnalia na mkanda. Sisi huku tuna meno.

Yana nimerudi na punda kutoka Matondoni. Nimeuziwa kwa kiapo kwamba ana miaka mitano. Muuzaji mnamjua nyote, yule mwenye kikoi cha kijani na kikohozi kinachoanza kila ukimuuliza bei. Punda mzuri kwa mbali, amesuguliwa, amekatwa nywele. Yeo nikampeleka zahanati ya punda akatazamwe kwato. Daktari akamfungua kinywa, akachungulia, akanishika bega. "Hunu umri wake umeupata wapi?" Akanionyesha. Punda wa miaka mitano ndiyo kwanza meno ya mbele ya utu uzima yamekamilika, juu yake kuna vishimo vyeusi. Wangu vishimo vimefutika zamani, meno yamelala mbele kama mashua zilizopwelewa. Miaka ishirini hivi!

Nikarudi Matondoni kwa hasira. Mnajua alinijibu nini? "Huyu punda ana tabia ya kutafuna mawe."

Bi Kirembo wa Barani

Mawe!!!

Tuktuk Namba Moja

Hahahaha huyo ni ndugu wa yule wetu, baba mmoja mama mmoja.

Fundi wa Majengo

Saa ya mishale iko wapi kwenye huyo punda?

Wa Langoni (Lamu)

Cheka tu, kaka. Nina tani za mchanga za kupandisha Mkomani, vichochoro havipiti hata mkokoteni, na nimenunua babu. Amepanda mara moja, akasimama mbele ya mlango wa jirani, akajiegemeza ukutani, akalala macho wazi. Watu wanauliza kama nimemleta kuposa.

Kaskazi

Lakini babangu alikuwa na punda wa miaka ishirini na akibeba mawe kuliko vijana. Punda akitunzwa anaishi zaidi ya thelathini. Huenda una mali wewe.

Wa Langoni (Lamu)

Mali ningeinunua kwa bei ya mzee. Nililipa bei ya kijana!

Mwana wa Shela (Malindi)

SAWASAWA NA MIMI! Huyu ndugu wa Lamu ndiye pekee aliyenielewa. Bei ya kijana, mwili wa mzee. Na sote wawili tumejibiwa upuuzi. Ila wewe hukupewa kashata.

Wa Langoni (Lamu)

Nilipewa halua.

Mtetezi wa Haki

Kuhusu punda, kitaalamu mchanga kwenye majani unasaga meno haraka, kwa hiyo muuzaji huenda hajasema uongo.

Wa Langoni (Lamu)

Wewe pia una kikohozi?

Msafiri wa Mtwapa

Tukiongelea wanyama, nani alimfunga mbuzi kwenye gari yangu jumamosi pale sokoni? Amekula mpira wa wipa. Yule mama mnamjua.

Bi Kirembo wa Barani

Ungefunga gari yako mbali na mbuzi wangu.

Msafiri wa Mtwapa

BI KIREMBO NI WEWE???

Bi Kirembo wa Barani

Mbuzi alikuwepo kwanza. Uliza mtu yeyote pale. Umekuja na nyeupe zako mbili ukaegesha juu ya kivuli chake.

Kaskazi

Wipa za kichina mbuzi hali. Huyo mbuzi ana ladha.

Mwana wa Shela (Malindi)

Jamani. Jamani nawaombeni. Nimeonewa leo hii, mbele ya wazee, mbele ya mgeni, mchana kweupe. Mbuzi, punda, nzi, sawa, poleni. Lakini mtu ameniambia MKANDA NDIO MZEE na kesho atakaa pale pale na kofia ile ile. Nataka twende watu kumi, tukae barazani kwake, kila mtu na mkanda wa gari lake mkononi. Nani anakuja? Na wakileta kashata hakuna kula!

Tuktuk Namba Moja

Za nazi au za njugu?

Mwana wa Shela (Malindi)

Za njugu. Kwa nini?

Tuktuk Namba Moja

Za njugu za pale wamezipunguza. Zamani ilikuwa kama kiganja, sasa hivi ni kama kipande cha sabuni ya hoteli, na bei imepanda. Nani anajua ni kwa nini?

Bi Kirembo wa Barani

Sukari, mwanangu. Lakini za nazi za Barani bado kubwa. Njoo kwangu, nauza mwenyewe.

Msafiri wa Mtwapa

Na wipa yangu je?