Kamera yetu inahesabu watu 41, sisi tumehesabu 78. Tufanyeje?

Wakuu, habari za jioni. Tuko wanne, uhandisi wa kompyuta mwaka wa mwisho, chuo kimoja hapa Dar. Projekti yetu ni kamera ya kukadiria idadi ya watu chumbani, ili taa na mapangaboi vizimike watu wakiondoka. Mnajua wenyewe, ukumbi mtupu saa tatu usiku, feni zote zinazunguka.

Tulipofikia: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya kiganjani) yenye kamera iko juu ya ubao, inapiga picha kila baada ya sekunde 30, YOLOv8 ile ndogo kabisa (modeli ya kutambua vitu kwenye picha) inahesabu. Maabara tukiwa saba inasema saba. Juzi tukaipeleka ukumbi mkubwa. Kwa kidole tulipata vichwa 78, mashine ikasema 41. Nyuma kule haioni kitu, halafu sweta iliyotundikwa kwenye kiti imehesabiwa mtu kila picha. Msimamizi anataka tuhamie mlangoni, tuhesabu wanaoingia na kutoka. Zimebaki wiki tatu. Tuhame au tung'ang'anie?

FundiWaya: Picha ina ukubwa gani?

Mleta uzi: 1920 kwa 1080.

FundiWaya: Hiyo ni ya kamera. Modeli msipoigusa inaipunguza mpaka upande mrefu uwe 640, yaani mnagawanya kwa 3. Kichwa cha piksel 24 kule nyuma kinabaki 8, hata ndugu yako usingemtambua. Kateni picha vipande vinavyopishana kidogo, pitisheni kimoja kimoja, mkijumlisha muwaondoe waliotokea mara mbili. Itachelewa, lakini watu wamekaa. Hata dakika nzima kwa picha moja inatosha kuzima taa.

BintiMaabara: Naongezea. Waliobanana kwenye benchi wanamezana: modeli inamchorea kila mtu boksi, na maboksi mawili yakilaliana sana, moja linafutwa kwa kudhaniwa ni la mtu yuleyule. Hesabuni vichwa, achaneni na miili. Data ya CrowdHuman ya 2018, picha za umati za kufundishia modeli, ina maboksi ya vichwa tayari. Changanyeni na picha za ukumbi wenu: hijabu, kofia, waliolalia dawati.

Kiranja: Hao waliolalia dawati mmewaomba ruhusa? Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Picha za kufundishia chukueni kwa ridhaa. Mfumo ukishaanza kazi, hifadhini namba tu, picha ifutwe hapohapo kwenye Pi. Jopo litawauliza.

MzeeWaViva: Mlango nao una yake. Kipindi kikiisha watu wanatoka kama wanagombea daladala ya Mbagala. Kamera ikikosa watano, hao wanabaki "ndani" mpaka mtu aje aanze hesabu upya. Kosa la mlangoni linalimbikizana, la picha linaishia kwenye picha hiyohiyo. Ukumbi una milango mingapi?

Mleta uzi: Mitatu 😅

MzeeWaViva: Mpelekee msimamizi hiyo mitatu, kwa adabu. Na kwenye ripoti msiandike "usahihi asilimia 90" kavukavu, mimi walinibana hapohapo. Andikeni wastani wa watu mnaokosea kwa kila picha, safu za mbele mbali, za nyuma mbali.

Mleta uzi: Mrejesho wakuu. Tumekata vipande sita, picha ileile: 69. Vichwa tunaanza kesho, fomu za ridhaa zinachapwa. Sweta bado ni mtu.