Naomba ushauri: bonasi imetoka, lakini watu bado wanaondoka

Habari zenu wakuu. Mimi ni msimamizi wa kitengo kazini na jambo hili linaniumiza kichwa. Uongozi uliongeza bonasi, pesa zikaingia kwenye akaunti, manung'uniko yakatulia. Haukupita muda, wale wachapakazi hasa wakaanza kuleta barua za kuacha kazi. Mmoja aliniambia ana kwa ana: "Bosi, pesa nimeiona, ila sijui nimepewa kwa lipi, maana hata anayekwepa kazi kapata sawa na mimi."

Mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, alishaeleza mwaka 1959 kwamba mshahara mzuri hupunguza kutoridhika, lakini ari ya kazi hutokana zaidi na kutambuliwa, kupewa dhamana na kupanda ngazi. Nami naona ndivyo. Wapo pia wanaobaki kwa kuogopa tu kukosa kipato. Hao siwahesabu kuwa wana moyo na kazi.

Bajeti siipangi mimi. Mliowahi kusimamia watu, mnatambuaje juhudi za mtu mmoja bila wenzake kuona kuna upendeleo? Vigezo viwekwe wazi tangu mwanzo, au hilo litaua ushirikiano? Vijana hawa nawathamini, sitaki kuwapoteza waliobaki.