Haibridi ya kuchaji kwenye baridi kali: nimeuziwa umeme, naendesha petroli

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Asubuhi nje ilikuwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Gari langu ni haibridi ya kuchaji, yaani lina betri unayoichomeka kwenye umeme na injini ya petroli pia. Lilikesha kwenye chaja, betri imejaa pomoni. Nikabonyeza kitufe cha umeme, nikatoka. Hata mita 200 sijamaliza, injini ya petroli hiyo, inanguruma. Kisa? Nimewasha heta! Kumbe gari hili halina heta ya umeme, joto la ndani linatoka kwenye maji ya injini kama magari ya zamani. Aliyeniuzia alinieleza mpaka uzi ulioshona viti, hili akalimeza.

Wiki iliyopita nilijifanya mjanja. Heta nikazima, nikavaa koti, kofia na glavu mbili mbili. Dakika tano tu, pumzi yangu ikaganda kwenye kioo cha mbele, tena kwa ndani. Nikaegesha pembeni, nikaanza kukwangua kwa kadi ya benki, chembe za barafu zinanidondokea mapajani. Nikashindwa, nikabonyeza kitufe cha kusafisha kioo. Injini ikawaka.

Betri yenyewe siilaumu. Baridi inafanya kimiminika cha ndani kiwe kizito na umeme utoke kwa shida, hata simu huzimika mfukoni. Ndiyo maana asubuhi nikikanyaga breki, ambayo kawaida hugeuza mwendo kuwa umeme wa kurudi kwenye betri, hairudishi umeme wa maana: ukiilazimisha betri ya lithiamu kupokea chaji kubwa ikiwa imepoa chini ya sifuri, lithiamu inajipaka kwenye elektrodi (sehemu ya ndani ya betri inayopokea chaji) na uharibifu ule haurudi nyuma. Kompyuta inabana, na ina haki. Lakini wauzaji, mbona hamkusema kwamba zile kilomita 50 za kwenda kwa umeme za kwenye tangazo ni za WLTP, kipimo rasmi cha magari kinachofanyika maabara kwenye nyuzi 23? Mimi napata 27. Siku ya bahati 30.

Kuchaji nako ni vita. Kebo imekakamaa kama fimbo, kifuniko cha tundu kimeshikwa na barafu. Juzi nilikigonga ngumi, bawaba ikakatika (hiyo kosa langu, nakubali). Kilichonisaidia kidogo ni kuchomeka papo hapo nikifika, betri ikiwa bado na joto la safari.

Ila kinachoniuma kuliko vyote ni injini. Inawaka dakika nne, inazima, inawaka tena. Safari yangu ya kazini ni kilomita 6, haiwahi kupata moto sawasawa. Petroli isiyoungua inapenya chini kwenye oili. Jumamosi nimechomoa stiki: oili imepanda juu ya alama, na ukiinusa ni petroli tupu. Yaani ninaua injini ambayo nilinunua gari hili ili nisiitumie!

Nilipopiga simu kwa waliouza, jibu likawa "ni kawaida, mzee, ni baridi tu." Kawaida kwa nani?

Na anayejiandaa kuniambia nikasome mwongozo, nimeusoma. Kule nyuma kabisa, herufi kama sisimizi: "injini inaweza kuwaka yenyewe kutegemea hali ya hewa." Kwenye tangazo mstari huo haumo.

Mwenye gari la aina hii lenye pampu ya joto (kifaa cha umeme cha kupasha gari joto bila injini), tafadhali aje aseme: baridi ikishuka hivi, lako linakaa kwenye umeme au nalo linakusaliti?