Nimehama Kasarani, bili ya stima ya 18,640 imenifuata hadi Ruiru. Nifanyeje?

Mhamaji
Wadau, naombeni ushauri, sijalala siku mbili. Nilihama bedsita yangu Kasarani tarehe 28 Februari. Jana nimepata ujumbe kwa simu: bili ya Machi, 18,640. Nilizoea kulipa 900, ikizidi sana 1,200. Mita si ya tokeni, ni ile ya zamani. Keateka anasema nisipolipa, dipoziti yangu ya 9,000 niisahau.

Bob wa Pipeline
Dipoziti Nairobi? Hiyo ulishatoa sadaka siku ulipoingia.

Mama Mapacha
Pole kaka. Akaunti iko kwa jina la nani?

Mhamaji
Langu. Lakini si nilihama!

Mama Mapacha
Hapo ndipo penye shida. Ukihama unaandikia kampuni wafunge akaunti. Wanasoma mita mara ya mwisho, wanakata deni kwenye amana uliyoweka kwao, inayobaki wanakurudishia. Usipofunga, anayeingia nyuma yako anapiga pasi kwa jina lako.

Mzee wa Umoja
Vijana mna bahati. Sisi tulikuwa vyumba kumi, mita moja. Bili ikija, mwenye nyumba anagawa kwa kuhesabu balbu. Jirani mmoja alikuwa na koili ya kuchemshia maji, anaificha chini ya kitanda. Tulimjua kwa sababu kila akitaka kuoga, taa za ploti nzima zinafifia. Juzi nimekutana naye Gikomba, mzee hoi, akanikumbatia. Nilishindwa hata kumkumbusha.

Fundi Stima
Mzee, turudi kwa mada. Mhamaji, bili ni ya makadirio au mita ilisomwa? Ulipiga picha ya mita ukiondoka?

Mhamaji
Nilipiga, ilikuwa 4412. Bili inasema 5033, na ilisomwa. Nahisi wamechanganya na mita ya jirani. Nimeshamtumia keateka 5,000 za kumtuliza.

Fundi Stima
Kwani ana homa? Deni ni la kampuni, keateka anahusika vipi? Tofauti ni yuniti 621. Weka kama shilingi 30 kila yuniti, kodi zote ndani, unafika pale pale. Sasa nani alikula 621 kwa mwezi ndani ya bedsita? Shawa ya kilowati 5, dakika kumi kila siku, haifiki yuniti 30 kwa mwezi.

Kioo cha Mtaa
Hadithi ya kutunga hii. Mwezi uliopita jamaa huyu huyu alikuwa na mke Syokimau aliyemtoroka na friji. Leo ni kapera wa bedsita. Leta picha ya bili ama modi afunge uzi.

Bob wa Pipeline
Labda friji ndiyo ilirudi peke yake, na hasira.

Mhamaji
Ya Syokimau nilikuwa namuulizia rafiki. Haya, nitasema. Kodi ya Machi nilikuwa nimelipa, sikutaka ipotee, nikamwachia binamu yangu. Alikuwa na vifaranga.

Fundi Stima
Taa za joto?

Mhamaji
Tatu. Za wati 250. Na mashine ndogo ya kutotolea.

Fundi Stima
Usiku na mchana, taa peke yake ni yuniti 18 kwa siku. Mara 31 ni 558. Zilizobaki ni mashine. Mita ya watu haina kosa.

Mtumishi
Ndugu, keateka angeulizwa kuhusu kuku angesema nini? Ulimwingiza kwenye dhambi yako.

Mhamaji
Keateka alikuwa anakula mayai! Na mimi sikutumia hata yuniti moja. Nishaamua, namshtaki mwenye nyumba Milimani, Mahakama ya Madai Madogo. Fomu ninayo.

Mama Mapacha
Madai yako yanaingia, kikomo chao ni milioni moja, na sheria inataka waamue ndani ya siku 60. Siku ya kwanza watakuuliza kuku walikuwa wa nani. Kaka, nenda kampuni ya umeme kesho, funga akaunti, omba ulipe kidogo kidogo. Binamu achangie.

Mhamaji
Binamu hashiki simu.

Mzee wa Umoja
Hao vifaranga walifaulu? Wa kienyeji?

Mhamaji
Kienyeji walioboreshwa, wiki sita, wamechanjwa. Wamebaki 40. Njoo inboksi, mzee, tutaelewana bei.